Uniti Mbili

Mwalimu Nsimire ameteremka Uvira kumzika shemeji yake,
ameniachia funguo tatu, karatasi moja, na paka.
Paka anaitwa Sombe, kwa ajili ya macho yake.
Ana ugonjwa wa sukari.
Majirani wa Nguba waliposikia walishika mbavu:
"Paka ana sukari? Kwani ni mbunge?"

Karatasi inasema:
saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni.
Alishe kwanza. Asipokula, usimchome.
Chupa usiitikise, ibingirishe viganjani polepole.
Uniti mbili.
Hapo amepiga mistari miwili, wino mwekundu,
kana kwamba bado ananisahihishia imla.

Siku ya kwanza mkono ulitetemeka.
Unabana ngozi ya shingo, inasimama kama kihema,
unaingiza sindano pale mlangoni mwa hema,
unasukuma.
Sombe hata hakugeuka. Alikuwa na sambaza zake bakulini.
Aliyesema "uwi!" ni mimi.

Jambo ambalo sikumwambia Mwalimu:
mikono hii ilishika koroboi nikiwa na miaka tisa,
kule Kadutu, baba akijichoma paja,
akihesabu kwa Kifaransa.
Kwa Mashi, alisema, inauma zaidi.
Hatukuwa na frigo. Chupa yake ililala ndani ya chungu,
chungu ndani ya chungu, katikati mchanga,
na mchanga tuliunywesha maji asubuhi na jioni
kama mgonjwa wa pili.
Miezi mingine
chungu kilikuwa na mchanga tu.

Usiku wa nne umeme ukakatika.
Frigo ya Mwalimu ikakohoa, ikanyamaza,
nikakaa gizani nikisikiliza barafu ikidondoka.
Kulipokucha hakuna. Mchana hakuna.
Nikashuka Nyawera kununua vyungu viwili.
"Vya maharagwe?" aliuliza mama muuzaji.
"Vya paka," nikasema, naye akanipunguzia bei
kwa huruma, akidhani nimerukwa na akili.
Mchanga niliuomba kwa waashi walio chini ya barabara.
Sikuhitaji karatasi. Vidole vilijua
unene wa mchanga, kiasi cha maji,
na kitambaa kilicholowa cha kufunika juu.

Nilikasirika, sitadanganya.
Sombe amejinyoosha juu ya kitambaa cha meza,
mimi nimekaa na chupa mkononi, napiga hesabu:
hii ingekuwa siku ngapi za baba?
Nikapiga tena.
Hesabu ilikuwa sahihi mara zote mbili,
na mara zote mbili
sikumwona paka ndani yake.

Siku ya sita alikula, nikamchoma, akatapika chote.
Saa tatu nikamkuta ukutani,
miguu ya nyuma inakwenda kwake,
macho mabichi yananitazama bila kuniona.
Niliwahi kuyaona macho hayo, kwa mtu.
Nikakimbilia kabatini, asali ya Walungu,
nikampaka kwenye fizi kwa kidole,
nikampaka tena, nikamwita kwa jina lake,
nikamwita, nadhani, na kwa jina lisilo lake.
Mvua ilianza juu ya mabati.
Ilikuwa bado inanyesha aliponing'ata.
Aling'ata kweli, kwa hasira, mpaka damu,
na mimi nikamwambia asante, bwana, asante.

Jioni simu ikalia.
"Amekula?"
"Amekula."
"Hasumbui?"
Nikakitazama kidole, matundu manne yamejipanga.
"Hasumbui, Mwalimu. Poleni na msiba."

Umeme umerudi tangu jana.
Frigo inanguruma, taa yake inawaka vizuri.
Chupa sijairudisha.
Nimeongeza maji kwenye mchanga.