Ziara ya Saba

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi.
Barabara ya kutoka Holbeach imenyooka kama uzi wa fundi,
mfereji kulia, mfereji kushoto,
kabeji, kabeji, kabeji,
na mbingu imeshuka hadi kwenye kioo cha gari.
Kwenye kiti cha pembeni kuna bendeji, mkasi ndani ya pakiti yake,
na fomu ambayo swali lake la kwanza ni hili:
maumivu, toka sifuri hadi kumi?

Bwana Pacey hujibu mbili.
Mbili, kila wiki.
Nasikia alijibu mbili hata siku yenyewe,
amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkono ndani ya taulo la jikoni,
akimwamuru kijana wa jirani azime mashine kwanza,
viazi visije vikamwagika.

Mashine ya kuchambua viazi haina chuki.
Ina mkanda, ina roli, ina mwendo wake.
Jiwe lilikwama, akalifuata kwa mkono
kama alivyofuata mawe miaka arobaini.
Pete ndiyo iliyoshikwa. Mkono ukaifuata pete.

Madaktari wa Nottingham walishona kwa saa tisa,
wakaokoa gumba na kile kidogo cha mwisho,
wakaandika barua nzuri, wakaenda kulala.
Kilichobaki wakaniachia mimi,
na kilichobaki ndicho kirefu:
kuloweka, kubandua, kunusa,
kupima wekundu kwa rula ya karatasi,
kunja, kunjua,
kunja, kunjua.

Nyuma ya saa ya mezani naona bahasha tatu za kliniki,
hazijafunguliwa.
"Basi liko Alhamisi tu," asema Enid, mkewe,
"na huyu hataki kuendeshwa na mtu."
Huyu anatazama dirishani, trekta chini ya turubai.

Nilipofika nchi hii nilitafuta neno la pole
nikapewa samahani,
kana kwamba mkono nimeukata mimi.
Kwa hiyo nasema pole, hivyo hivyo, kwa Kiswahili.
Ameshalizoea. Hulijibu kwa kuguna.

Leo kovu ni safi. Waridi, kavu, halinuki.
Namwambia: linapona vizuri.
Ananyamaza. Kisha kwa mkono mzima
anagusa mahali pasipo na kitu, kando ya kidole kidogo.
"Hiki," asema. "Usiku. Kama bado kimo ndani ya mashine."
Kwenye fomu yangu hakuna kisanduku cha hewa.

Enid analeta chupa ya haradali.
Ndani yake pete, imekatwa kwa msumeno wa hospitali,
mdomo wazi.
Kwetu Korogwe wapendanao husifiwa kuwa chanda na pete.
Hilo sikulitafsiri.
Nililotafsiri ni la chawa, kwamba kidole kimoja hakimvunji,
na mzee akacheka mpaka akakohoa:
"Basi mimi nina viwili. Chawa wajihadhari."

Mazoezi. Kwa kawaida ni njegere kavu kwenye sahani.
Leo anaisukuma sahani, anaiendea pete.
Gumba linatoka upande huu, kidogo upande ule,
vinatetemeka kama mahasimu wanaopatanishwa.
Inaponyoka. Inazunguka juu ya meza, inalala.
Enid anataka kuiokota; namzuia kwa jicho.
Mara ya nne inainuka,
sentimita mbili, tatu,
na hakuna anayepumua.

Napigia kliniki simu nikiwa bado na glavu moja,
naomba gari la kumchukua, naomba mtaalamu wa neva,
nasikiliza muziki wao dakika kumi na moja.
Mlangoni ananipa kabeji, kama kila wiki,
kwa mkono wa kushoto.
"Ile fomu," asema, akiyatazama matope,
"usiandike mbili.
Andika saba."