Nyumba ya Pili

Nilikwenda kutafuta mpaka.
Binamu yangu Ndekirwa amepanda migomba
hatua tatu ndani ya masale ya baba,
na anaapa kwamba masale hutembea.
Mimi ni mwalimu wa hesabu, sishindani kwa mdomo.
Jumatatu nikashuka Moshi mjini na gari la maziwa.

Chumba cha nyuma, ofisi ya ardhi. Bwana Mfinanga
akanikunjulia ramani ya Mjerumani, inanuka popo.
Chini, tambarare, kila shamba la mlowezi
lina jina, lina namba, lina ekari na robo yake.
Juu, kwetu Mbokomu, weupe mtupu
na neno moja tu la kigeni.
Karani akalitafuta katika kamusi yake iliyochanika:
«Migomba.»
Watu wote wale, moshi wao, mbege yao, matanga yao.
Migomba.

Niliweka rula. Unene wa mstari wa mpaka, wino peke yake,
ni hatua thelathini.
Ndekirwa na mimi, na kesi yetu, tumo ndani ya wino.

Ila palikuwa na uzi wa bluu ukikatiza ule weupe,
nikaujua kama mtu anavyolijua kovu la goti lake.
Mfongo wetu. Unapinda penye mwamba,
kisha unapinda tena pasipo na mwamba,
kwa kuwa Mashingia aliyeuchimba
alikuwa hasemi na shemeji yake
akakizunguka kihamba chake chote.
Mpimaji alinakili ugomvi wa mashemeji
akidhani anachora maji.

Jumatano likaja daftari la kodi.
Maschingia. Baadaye, kwa mwandiko mwingine, Mashinga.
Kisha karani mwenye haraka: Mashine.
Nilicheka peke yangu, Bwana Mfinanga akanitazama.
Mbele ya jina: nyumba, 2. Rupia sita. Amelipa.

Nyumba ya kwanza naijua, ndiko alikotoka Ndekirwa.
Sisi ni wa ya pili.
Miaka ishirini na sita nimewaandikia watoto
tarakimu ile ubaoni, nikaifuta, nikaiandika,
nisione kwamba ina shingo iliyoinama,
kwamba ni mwanamke amejitwika majani ya ng'ombe
anapandisha mlima.

Kanisani, kitabu cha ubatizo:
Rabeka, mke wa Mashingia, umri yapata hamsini.
Jina la kwanza: kistari.
Mchungaji hakuuliza,
au aliuliza, akanyimwa.

Shangazi Aikande ndiye pekee aliyewahi kumwona.
«Tulimwita mke wa Mashingia, basi.»
Na jina la kwao, la utotoni?
Alifikiri mpaka chai ikaota ngozi.
«Alikuwa anapiga mluzi,» akasema.
«Wanawake hawakupiga mluzi. Yeye alipiga,
hasa akienda kufungua maji, zamu ya usiku.»

Sensa ya juzi, kijana mwenye kishikwambi
alimwuliza mama: mkuu wa kaya?
Mama akamtaja baba.
Baba ana miaka tisa kaburini.
Nilimkemea mama mbele ya mgeni,
naye akaendelea kumenya ndizi,
akasema, andika tu, mwanangu, chai inapoa.

Ijumaa nilirudi kuchukua nakala.
Ndekirwa alikuwa amenipigia simu mara mbili,
sikupokea. Nilikuwa sijui nimwambie nini
kuhusu hatua zake tatu.
Bwana Mfinanga akafungua kitabu cha stakabadhi,
akalamba kidole, akapata ukurasa.
«Jina la mwombaji?»
Nikamtajia.
Alikwisha kuanza kuandika, kwa haraka, herufi ya pili siyo.
Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi.
Tuanze upya, nikamwambia,
nikamsomea herufi moja moja,
polepole, kama ninavyowasomea darasa la kwanza,
na sikuondoa mkono mpaka aliponirudishia sauti ya kila moja.