Kidole cha Moto

Tulipoivua turubai vumbi likainuka,
likakaa hewani kama mgeni asiyejua pa kuketi.
Jagwa. Ya sabini na nne. Silinda kumi na mbili.
Rangi yake ilikuwa ya zambarau mbivu;
sasa ni ya zambarau iliyokanyagwa.

Bi Munira alisimama mlangoni, funguo mkononi.
"Baba hakuiuza," akasema. "Wala hakuipanda tena."
Nami, fundi wa Bondeni, mzoefu wa Probox na tuktuk,
nikajifanya nimeona makubwa kuliko haya.

Kitsao akafungua boneti. Paka akatoka,
akatutazama kwa dharau ya mwenye nyumba.
Mipira ya maji ukiigusa inavunjika kama visheti,
petroli imekuwa gundi tangini,
na chumvi, iliyopanda Kizingo usiku baada ya usiku
bila kubisha hodi,
imekula kila skrubu iliyosahauliwa.

Nikafungua kifuniko cha distribyuta.
Waya ziko. Springi ziko.
Kile kidole kinachozunguka ndani
kikiigawia kila silinda moto wake,
hakipo. Si kwamba kimevunjika. Hakipo.
"Panya," akasema Kitsao.
Panya gani afunguaye vibano viwili, kisha akavirudisha?
Nikamuuliza Bi Munira.
Akasema chai inapoa.

Miezi mitano.
Kila tundu la plagi nililinywesha oili na dizeli,
kijiko kwa kijiko, kama uji wa mgonjwa.
Kila alfajiri spana kwenye krenki, nasukuma.
Siku ya tisa kitu kikasogea, upana wa ukucha;
sikio halikusikia, mkono ndio uliosikia.
Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Kabureta nne nilizisugua kwa mswaki wa mwanangu
(bado ananidai mwingine).
Pampu niliipata Mwembe Tayari, ya gari jingine,
nikailazimisha undugu.
Na kidole nikakichonga, kwa swichi kuukuu na kipande cha shaba.
Kikazunguka mara tatu, kikapasuka.
Cha pili. Cha tatu.

Ijumaa, nanawa mikono kwa Omo na mchanga,
Bi akashuka ngazi na mkebe wa biskuti,
ule wa nyuzi na vifungo.
Akachimbua kati ya lesi na sindano
hanchifu iliyopigwa fundo.
"Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Ndege ya Karachi saa nne, Port Reitz.
Masanduku yangu butini, Baba kavaa kofia ya zari.
Akawasha, akawasha, akawasha.
Teksi ilipofika, ndege iko juu ya Changamwe.
Na bwana harusi hakungoja ya pili."

"Mzee alijua?" akauliza Kitsao,
asiyejua wakati wa kunyamaza.

"Alileta mafundi watatu.
Wa tatu alimnong'oneza kitu.
Kesho yake akanunua turubai."

Nikakipachika. Kikaingia kama hakijawahi kutoka.
Stata. Kikohozi. Moshi mweusi, maganda ya mende.
Saba zikashika, kisha tisa,
kisha ile ya mwisho iliyonuna,
na mara zote kumi na mbili, kama ndugu wa mirathi
wamekubali kula sinia moja.
Hata mngurumo hapana. Pumzi tu.
Nikasimamisha shilingi kwa ukingo juu ya injini.
Ikasimama.

Bi Munira akaitazama shilingi
muda wa mtu kufunga ushungi.
Akapenyeza mkono dirishani, akazima.
Shilingi ikalala.
Akafungua vibano mwenyewe, kimoja, kingine,
vidole vyake havikutafuta,
akakitoa kikiwa na joto bado,
akakipiga fundo lake.

"Njoo kesho saa kumi," akasema akipanda ngazi,
"unifunze kuendesha."