Mkono wa Kushoto wa Kiti

Waliniambia ana miaka minne, labda sita.
Binti wa makao ya wanyama, Jagoda,
alimshika kama mkate uliotoka tanurini, akasema:
"Anaitwa Figa. Hapendi kikapu. Hapendi wanaume,
lakini huenda wewe."
Nikatia sahihi pale aliponionyesha.

Nje, Łódź ilikuwa theluji iliyokwisha kuwa tope.
Ndani ya tramu, katika sanduku la plastiki,
alilia njia nzima kwa sauti moja,
mlango usiotiwa mafuta.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Figa alikuja na majembe yake kumi na manane,
wala hakungoja ya tatu.

Saa tisa usiku:
krr, krr, krr.
Nikawasha taa. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma
kwenye kiti cha Bogumiła,
mgongo umenyooka kupita urefu wake,
akichambua mahameli ya kijani kama mtu achambuaye pamba.

Sasa, nielewe: mimi ni fundi wa makochi.
Miaka arobaini na mmoja nimekaza springi,
nimeshindilia singa za farasi,
nimeshika misumari midomoni, saba kwa mpigo.
Na kiti hiki nilikishona mwaka tuliooana,
kwa kitambaa nilichobakiza
(haya, nilichoiba)
kwenye viti vya jumba la maigizo.

Nikajaribu yote.
Maganda ya ndimu: aliyanusa, akapiga chafya, akaendelea.
Utepe wa gundi pande mbili:
ulinasa soksi yangu, na kesho yake, kiwiko.
Maji ya kupuliza: alinitazama
kwa macho ya karani wa posta, dakika tano kabla ya kufunga.
Nikamkata ncha za kucha.
Yaani, nilikata tatu, naye akanikata nne.

Bi Walczakowa wa ghorofa ya chini akapanda na keki.
"Mrudishe, Zenon. Mnyama huyu ni hasara tupu."
Nikamkatia kipande chake, sikujibu.
Mrudishe. Neno jepesi
kinywani mwa mtu ambaye hajafungua mlango wake
akakuta kimya kimeketi mezani.

Usiku wa kumi na moja sikuwasha taa.
Nilikaa sakafuni, nikamsikiliza.
Kochi hakuligusa. Zulia hakuligusa.
Ni mkono ule ule wa kushoto,
pale kitambaa kilipofifia kwa kiganja cha mke wangu,
pale ambapo mimi pia, nikidhani sionwi,
huegemeza pua.
Kwanza alinusa, akanusa tena. Ndipo akakwaruza.
Uharibifu hauna subira ile.
Alikuwa akiandika jina lake chini ya jina.

Asubuhi nikashuka stoo.
Gogo la msonobari, kimo cha kiuno changu,
maana paka hutaka kujinyoosha mpaka mwisho.
Kitako kizito, lisije likayumba likamtisha.
Nikalizungushia kamba ya mkonge, nikakaza, nikakaza,
na kileleni nikashona kipande cha koti la sufi,
lile ambalo kwa miaka miwili
sikuweza kulivaa wala kuligawa.
Mikono ilikumbuka. Jicho lilikataa kuona tundu la sindano,
nikalitafuta kwa ulimi.
Viti vyote vile, na sikuwahi kushona kitu
kwa ustadi wangu wote
ili kiraruliwe.

Sikulificha pembeni kama kitu cha aibu.
Nililisimamisha ubavuni mwa kiti, bega kwa bega.

Siku mbili alilipita kama jirani mliyekosana.
Ya tatu, krr.

Bado, Jumapili nyingine, husahau.
Au hukumbuka, sijui.
Mkono wa kushoto hupoteza uzi mmoja zaidi.
Sindano pinda ninayo. Mahameli ya akiba ninayo,
imekunjwa kabatini tangu enzi za wizi wangu.
Hupitisha kidole juu ya mikwaruzo,
yake na ya kiganja,
kisha hutia maziwa kwenye kisahani
na kuacha kazi hiyo kwa fundi mwingine.