Kijiko Kimoja

Eliakimu, kabla hujapakia chochote
ingia humo nyuma mikono mitupu.
Kaa sakafuni, funga mlango,
umwambie Loserian alizungushe gari uani mara mbili.
Utajua mwenyewe wapi panaruka, wapi panatulia.
Vizito vikae panapotulia:
madumu ya maji bega kwa bega juu ya ekseli,
mtungi wa gesi wima, na mkanda kiunoni.
Usiufunge kwa katani. Katani hulegea kabla ya Makuyuni.
Chukua tyubu ya baiskeli, ikate utepe,
vuta mpaka ilalamike.

Mayai yazike ndani ya debe la unga,
yasigusane, kama wakwe.
Glasi za wageni zivishe soksi.
Ndiyo, soksi. Nilinunua pea kumi na mbili Kilombero,
muuza mitumba akaniuliza nina watoto wangapi.
Kati ya sahani na sahani, kipande cha kitenge.
Chupa ya mafuta, nailoni chini ya kifuniko,
kwa maana niliwahi kufika Ngaresero
na shuka, na sukari, na Biblia ya mgeni mmoja
vyote tayari kwa kukaangwa.

Lami haikufundishi kitu.
Hadi Mto wa Mbu hata mpishi mvivu huonekana fundi.
Subiri tukate kulia kuelekea Engaruka,
rasta zianze, gari litetemeke kama mwenye homa,
hapo ndipo kila kabati husema lilichopewa.

Kinachovunja si shimo, kijana. Shimo wote tunaliona.
Ni ile nafasi ya vidole viwili
uliyoiacha kati ya sufuria na ukuta
ukasema, aah, si kitu.
Sufuria itaitumia nafasi hiyo mara elfu kumi
kabla hatujala mchana.
Jaza. Jaza kwa godoro kuukuu, kwa sweta,
kwa vitunguu kama huna kingine.
Kisha tikisa kwa mkono.
Kikijibu, toa vyote, panga upya.

Haya nilimfundisha mtu mmoja tu kabla yako.
Tulipanga Sakina, chumba na sebule,
na usiku wa kuamkia safari Ndewario alipenda kunisaidia.
Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu.
Alipanga vikombe thelathini katika sanduku moja,
ukilibeba unadhani lina pamba.

Mwaka ule wa mvua nyingi alihama
nami nikiwa ndani, nimelala.
Vyombo vyote. Meza ya kioo.
Hata ile kengele ya mbuzi
aliyopewa na shangazi yake kule Poli.
Majirani wanasema kirikuu kilisimama mlangoni saa nzima.
Mimi, ninayeamshwa na kikombe kikigusa kikombe
kilomita mia mbili kutoka nyumbani,
sikusikia kitu.
Asubuhi nilihesabu soksi za glasi.
Ilipungua moja.
Nadhani najua ulimi wa nini ulivishwa.

Basi. Usiniangalie hivyo, shika utepe.

Ukimaliza, ukikaza makomeo yote,
fungua droo ya juu, ile ya kushoto,
uweke kijiko kimoja cha chai,
peke yake, bila kitambaa.
Loserian ataanza kunung'unika tangu Kisongo,
atasema gari lake limepata ugonjwa.
Mwache. Mimi hukaa kiti cha nyuma,
kisogo kwenye kabati.
Nikikisikia, nasinzia.
Kikinyamaza, naamka.