Bluu Inayochelewa

Saa tatu asubuhi Mahona analeta chupa nne
kutoka pale Mirongo unapomwagikia ziwani,
maji rangi ya chai ya juzi,
na ya tano, ndogo, wino wake umevuja:
*Kirumba, mawe ya wafuaji.*
Naanza na hiyo.

Nadondosha molibdeti. Nangoja.
Dakika kumi, na maji hayabadiliki,
yamekaa kama mtu aliyedaiwa mbele ya wageni.

Mgeni wa kazi angeandika: safi.
Mimi naijua tabia ya pete hii.
Fosforasi, oksijeni, fosforasi, oksijeni,
fosforasi, oksijeni,
na ya mwisho inaishika ya kwanza mkono.
Kila fosforasi imebeba nje oksijeni mbili zaidi,
mama wa pacha asiye na pa kuwalaza.
Kitendanishi kinazunguka ua, kinabisha hodi.
Hodi. Hodi.
Ua halina mlango.

Basi natia tindikali, naweka motoni.
Nusu saa inatokota, dirisha limefunga ukungu.
Pete haivunjiki kwa kishindo:
inaachia mahali pamoja tu,
inakuwa mnyororo,
mnyororo unakatika pingili kwa pingili,
na kila pingili ikishabaki peke yake
huitika ikiitwa.

Napoza. Nadondosha tena.
Bluu inakuja kama mshipa chini ya ngozi ya kichanga,
halafu inakolea, inakolea,
mpaka inafika rangi ya sketi yangu ya shule
kabla haijafuliwa mara ya kwanza.

Mama alifua juu ya mawe yale yale miaka kumi na mmoja,
mashuka ya watu wa Capri Point.
Kwanza alivua pete, akaifunga pindoni mwa kanga,
kisha akachana pakiti ya sabuni kwa meno.
Povu likateremka kwenye jiwe, likaenda zake.
Mwaka wa magugumaji tulikuta ziwa limegeuka shamba,
kijani mpaka macho yachoke, na maua ya zambarau
utadhani kuna harusi.
Akayatafuta maji kwa fimbo.
"Nani amelilisha hivi?" akauliza.
Nilikuwa darasa la tano.
Mkononi nilishika pakiti tupu.

Jana nimempigia simu kumuuliza pete iko wapi.
"Ipi? Ile shaba? Ilikuwa inanitia ukijani kidoleni.
Nilimpa Lushinge fundi baiskeli, akazibia kitu."
Akacheka mpaka akakohoa,
kisha akataka kujua bei ya dagaa mjini.

Sifuri nukta nne moja.
Naandika kwa penseli, Mahona anatia sahihi.
Vyombo naviosha kwa tindikali,
nasuuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa.
Sabuni humu ndani haiingii.