Kisima cha Saba

Nashwa, salamu. Leo ni Alhamisi.
Nimetoka vilima vya mchanga vya Shela, viatu mkononi.
Kamba ni ile ile, fundo kila pima,
na kijiti cha kupimia chumvi ulichonitumia kwa posta
nimekifunga kipande cha leso kuukuu
kisigonge mawe.

Kisima cha kwanza: mia sita na kumi.
Cha pili: mia sita arubaini.
Cha tatu kina chura. Sikumsumbua, nilipima kando yake.
Cha saba,
nimekipima mara tatu,
nikafuta kijiti, nikapima tena:
elfu mbili mia tatu.

Wewe huhitaji kufasiriwa.
Kwenu Maldivi ni kama kwetu:
mvua huingia mchangani ikalala
juu ya bahari iliyo chini ya nyumba,
tamu juu ya chumvi,
kama mafuta juu ya mchuzi
mpaka aje mtu na mwiko.
Huku mwiko ni pampu.
Mwenye ghorofa nne na birika la kuogelea
huvuta usiku,
mchana huapa hajavuta.

Mwaka juzi uliniletea karatasi:
visima kumi na vinne vya kisiwa chako
na tarehe vilivyokufa, kimoja kimoja,
kama orodha ya mirathi.
Hukuomba pole.
Uliandika chini, kwa kalamu nyekundu:
"Cha kwanza kilikuwa nyuma ya bafu la shule.
Tulidhani ni sabuni."
Nimeibandika jikoni.
Bwanaheri husema nimetundika maiti wa watu ukutani,
kisha huisoma akisubiri uji.

Jana zilikutana hapa mjini nchi tano
kutia saini mkataba wa maji.
Mezani chupa za plastiki, kila mjumbe mbili,
maji ya milima nisiyoijua jina.
Wakabishana saa nzima na robo
juu ya neno moja: "zitalinda"
au "zitajitahidi kulinda".
Mkalimani wetu Lali, mtoto wa Langoni,
alikaukwa koo akilipeleka na kulirudisha.
Mimi nilikaa nyuma na daftari mbili, yako na yangu.

Kisha ikaja chai.
Nashwa, chai ya maziwa haijui itifaki.
Mwana Shamsa alikinga maji bombani,
bomba linalonyonya kisima cha saba,
na maziwa yakakatika.
Vikombe hamsini, mabonge meupe
yakielea juu ya kitu cha rangi ya kutu.
Bwana wa Uholanzi alikoroga, akakoroga.
Mama wa Msumbiji alionja, akatua kikombe,
akatamka kwa Kireno neno ambalo Lali hakulifasiri.
Na mpishi mlangoni analia:
maziwa ni ya leo, wallahi, ni ya leo!

Hapo ndipo nilipoinuka.
Sikuhutubia. Nilisema maziwa hayana kosa,
nikasoma namba zangu,
kisha zako, pamoja na tarehe,
bafu la shule na sabuni.
Wakauliza huyu Nashwa ameketi wapi.
Nikasema, hakualikwa.

"Zitajitahidi" bado limo, nisikudanganye.
Lakini ukurasa wa tisa umeongezwa mstari:
vijiti arubaini, visiwa kumi,
na namba za kila Alhamisi kubandikwa hadharani,
mlango wa msikiti, soko la samaki, popote,
hata za mwenye ghorofa nne.
Ameuandika yule aliyekuwa akikoroga.
Fedha zake hazijatajwa. Nimeuliza; wameandika kwamba nimeuliza.

Sijui kama kisima cha saba kitarudi.
Uliwahi kuniambia chako cha tisa
chumvi yake ilipungua baada ya mvua kubwa.
Ilipungua kwa kiasi gani?
Nijibu kabla ya Alhamisi.
Na mwambie mwanao, anayejifunza kupima,
mafundo ayafunge kamba ikiwa kavu.
Ikilowa, hudanganya urefu.